Barua Pepe Ikikataliwa na Seva ya Wengine: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukitibu

"Email hazitoki." Kila anayesimamia mitambo ya ofisi Nairobi anaijua sentensi hiyo, na haisemi lolote. Hazitoki kwa nani? Kwa wote au kwa mteja mmoja? Tangu lini? Kabla hujabadilisha nenosiri, kabla hujazima seva na kuiwasha, mwambie mlalamikaji akutumie ile barua aliyorudishiwa, nzima, kama barua. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haifai, kwa sababu mstari unaouhitaji karibu kila mara ndio uliokatwa.

Barua iliyorudishwa hutoka kwa MAILER-DAEMON au postmaster, na ndani yake, chini ya maneno mengi ya heshima, mna mstari kama huu:

host mx.mteja.example[198.51.100.7] said: 554 5.7.1 Service unavailable; Client host [203.0.113.25] blocked using zen.spamhaus.org

Mstari huo mmoja unakupa aliyekataa (seva ya mteja), anwani ya IP aliyoikataa (yako), na sababu (iko kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani zinazotoa barua taka). Kazi yote inayofuata ni kuusoma vizuri na kujua dawa iko mikononi mwa nani. Mara nyingi haiko kwenye seva kabisa. Iko kwenye rekodi za DNS, yaani kitabu cha majina na anwani za intaneti, na nenosiri la DNS analo yule kijana aliyewatengenezea tovuti miaka mitano iliyopita na ambaye siku hizi hapokei simu. Mtafute leo, wakati bado hamna haraka.

Hatua ya kwanza: ni nani aliyesema hapana?

Kuna hali tatu ambazo watumiaji huziita kwa jina moja.

Hali ya kwanza, seva yako mwenyewe ndiyo iliyokataa. Ukiona "Relay access denied", au ujumbe kwamba uthibitisho unahitajika, barua haikufika kwa mteja kamwe. Simu au kompyuta ya mtumaji inajaribu kutuma bila kujitambulisha. Fungua mipangilio yake ya kutuma, weka poti 587 yenye STARTTLS au poti 465 yenye TLS, na uhakikishe jina la akaunti na nenosiri vimejazwa upande wa kutuma pia. Wengi huvijaza upande wa kupokea tu.

Hali ya pili, hakuna aliyejibu. "Connection timed out" maana yake mlango haukufunguliwa, au njia imezibwa kabla ya kufika. Seva huzungumza na seva kwa poti 25, na poti hiyo hufungwa na watoa huduma wengi wa intaneti, na pia na kampuni za kukodisha seva kama AWS na Google Cloud, ili kuzuia barua taka. Jaribu ukiwa kwenye seva yenyewe:

nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25

Ikikaa kimya hadi muda uishe, na ukijaribu seva nyingine kubwa nayo ikae kimya vilevile, njia imefungwa upande wako. Omba ifunguliwe, au upitishe barua zako kwa seva ya kati kwa poti 587. Hilo nitalirudia hapa chini.

Hali ya tatu ndiyo inayotuhusu hasa: seva ya wengine ilifungua, ikasikiliza, ikakataa. Kwenye logi (daftari la matukio) ya Postfix, programu ya seva inayotuma na kupokea barua, utaliona neno "said" likifuatwa na maneno yao.

Hatua ya pili: namba zinasema nini

Tarakimu ya kwanza ndiyo kubwa. Namba inayoanza na 4 maana yake ni "si sasa hivi", na seva yako itaendelea kujaribu yenyewe. Kwa mipangilio ya kawaida Postfix hujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Namba inayoanza na 5 maana yake ni "sitaki", na barua inarudi papo hapo.

Msimbo wa 450 au 451 unaotaja "greylisted" si tatizo lako. Seva ya upande wa pili inamkataa mgeni mara ya kwanza kwa makusudi, ikijua kwamba seva halali itarudi. Subiri. Mtumaji asiyejua hilo hubonyeza kutuma mara kumi, na mteja hupokea kotesheni ileile mara kumi.

Kisha angalia namba yenye nukta. 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo: herufi imekosewa au mtu ameacha kazi. 5.2.2 ni sanduku lililojaa, na mwenye sanduku apigiwe simu. 5.3.4 ni barua nzito kupita kiasi, na hapa panahitaji maelezo kwa sababu hesabu huwapotosha watu. Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na uzito wake huongezeka kwa zaidi ya theluthi. Postfix ambayo haikubadilishwa hukubali barua isiyozidi baiti 10,240,000. Kwa hiyo hati ya zabuni iliyoskaniwa yenye MB 8 hufika ikiwa na karibu MB 11, nayo inakataliwa. Anayetuma anaapa kwamba faili lake ni la MB 8, na anasema kweli. Skani upya kwa ubora wa chini, au tuma kiungo cha kupakulia.

Zilizobaki, zinazoanza na 5.7, ni za sera na uaminifu. Ndizo zinazokula siku nzima.

Hatua ya tatu: tafuta tukio kwenye logi

Kwa Postfix kwenye Ubuntu au Debian:

grep 'status=bounced' /var/log/mail.log | tail -20

Kwenye seva yenye cPanel (paneli ya kuisimamia kwa kivinjari) barua huendeshwa na Exim, na logi ni /var/log/exim_mainlog. Kama umepewa akaunti ya cPanel tu, bila seva yenyewe, fungua Track Delivery. Inatosha kabisa.

Angalia saa. Seva nyingi za kukodi huandika logi kwa UTC, na Nairobi iko mbele kwa saa 3. Mhasibu akikwambia barua ilirudi "saa nne asubuhi," anamaanisha 10:00, na kwenye logi tukio hilo liko 07:00. Ukitafuta kwenye 04:00 utakuta hakuna kitu, nawe utaanza kudhani mhasibu anaota.

Hatua ya nne: je, anwani yako ya IP ina jina?

Seva inayopokea huuliza jina la anwani iliyopiga hodi. Jina hilo liko kwenye rekodi ya PTR. Kisha huangalia kama jina hilo linairudia anwani ileile. Fanya hivyohivyo:

dig +short -x 203.0.113.25
dig +short mail.duka.example

Amri ya kwanza ijibu mail.duka.example, ya pili ijibu 203.0.113.25. Jina ambalo seva inajitaja nalo inapoanza mazungumzo, yaani myhostname kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, nalo liwe hilohilo. Seva inayojitaja kuwa "localhost" au "ubuntu" inaomba kukataliwa.

Watu hupoteza muda wakitafuta pa kuandika PTR kwenye paneli ya kikoa chao. Haiko huko. PTR ni mali ya mwenye anwani za IP, si mwenye kikoa. Huku kwetu anwani hizo hugawiwa na AFRINIC, msajili wa anwani za IP wa Afrika, kwa kampuni za intaneti, nazo ndizo zinazoweza kukuandikia jina. Tuma ombi kwa maandishi: anwani hii, jina hili. Kama umekodi seva ng'ambo, mara nyingi sehemu ya kujaza iko kwenye paneli ya mwenye seva.

Sasa neno kwa wale wenye seva ya barua chini ya ngazi ofisini Industrial Area, iliyounganishwa kwa kifurushi cha kawaida cha intaneti. Stima ikipotea na kurudi, ruta huenda ikapata anwani nyingine, na rekodi zako zote zimepotea maana. Vifurushi vingine havikupi hata anwani ya peke yako; unashiriki moja na majirani wengi usiowajua. Na hata mambo yote yakitulia, anwani za namna hiyo huwa kwenye orodha ya Spamhaus iitwayo PBL, ambayo haisemi kwamba umekosa. Inasema tu kwamba anwani hiyo haipaswi kutuma barua moja kwa moja kwa seva za watu. Usipigane nayo. Acha seva yako ipokee na kuhifadhi, lakini barua zinazotoka zipitie seva ya kati ya mtoa huduma aliyeaminika:

relayhost = [smtp.mtoahuduma.example]:587

Kuna mtego mwingine unaofanana na uchawi: barua za kwenda Gmail zinakataliwa, za kwenda kwingine zinafika, na PTR iko sawa. Angalia kama seva yako ina IPv6, yaani anwani ndefu za mtindo mpya. Huenda inapiga hodi kwa Gmail kwa anwani ya IPv6 isiyo na jina, na Gmail ni mkali hapo. Ukishindwa kuipatia jina leo, weka inet_protocols = ipv4 kwenye main.cf, uzime Postfix na kuiwasha tena, kisha urudie jambo hilo ukiwa na nafasi.

Hatua ya tano: SPF, DKIM na DMARC

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi (kwa Google, kama barua 5,000 au zaidi kwa siku) awe na zote mbili pamoja na DMARC; nitazieleza zote tatu hivi punde. Microsoft walifuata Mei 2025 kwa wanaotuma wingi kama huo kwenda Outlook.com na Hotmail. Ukiona 550 5.7.26 kutoka Gmail, au 550 5.7.515 kutoka Microsoft, uko hapa.

Fikiria geti la jengo la Upper Hill. SPF ni orodha aliyoachiwa askari: magari, yaani seva, yanayoruhusiwa kuingia kwa jina la kampuni yenu. DKIM ni muhuri juu ya bahasha yenyewe, unaoonyesha haikubadilishwa njiani, gari lolote lililoileta. DMARC ni maagizo ya mwenye kampuni: asiyefanana na orodha wala muhuri afanywe nini.

Anza na SPF:

dig +short TXT duka.example

Unatafuta mstari mmoja unaoanza na v=spf1. Mmoja tu. Ikiwa iko miwili, yote miwili imebatilika, na hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Linakuja hivi: duka la vipuri la Kirinyaga Road lilinunua tovuti, kampuni iliyohifadhi tovuti ikaweka SPF yake. Baadaye duka likahamia Google Workspace, mtu akafuata maelekezo na kuongeza mstari mwingine chini ya ule wa zamani. Dawa ni kuziunganisha:

v=spf1 ip4:203.0.113.25 include:_spf.google.com ~all

Kabla ya kuandika, kaa na kalamu uorodheshe kila kinachotuma barua kwa jina la kikoa chenu. Wafanyakazi kupitia Google Workspace, sawa. Fomu ya "wasiliana nasi" kwenye tovuti? Hiyo inatoka kwenye seva ya tovuti. Programu ya uhasibu inayotuma ankara kila mwisho wa mwezi? Skana ya ofisi inayotuma hati moja kwa moja kwa barua pepe? Huduma ya matangazo kwa wateja? Kila moja ina anwani yake, na iliyosahauliwa ndiyo itakayokataliwa. Jihadhari pia na idadi: SPF haitakiwi kuhitaji maulizo ya DNS zaidi ya 10, na kila include huhesabiwa pamoja na zilizomo ndani yake. Ukipita hapo rekodi nzima huhesabiwa kuwa na kosa.

Nikiombwa ushauri nani aondolewe kwanza kwenye orodha iliyojaa, huwa nasema fomu ya tovuti. Iunganishe na akaunti ya kawaida ya barua kwa poti 587, nayo itatoka kupitia mlango uleule wa wafanyakazi. Rekodi inakuwa fupi, na tatizo la kushiriki seva ya tovuti na jirani anayetoa barua taka linakwisha.

DKIM huwashwa kule barua zinakotoka, kisha ufunguo wake wa wazi huandikwa kwenye DNS. Kwa Google Workspace jina la kawaida la rekodi huwa hivi:

dig +short TXT google._domainkey.duka.example

Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha TXT. Paneli nzuri huugawanya zenyewe. Nyingine huukata mkia bila kusema neno, na unabaki na DKIM iliyopo kwa macho lakini isiyofanya kazi. Linganisha herufi za mwisho na ulizopewa.

DMARC iandikwe kwa upole mwanzoni:

_dmarc.duka.example TXT "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@duka.example"

Kwa p=none hakuna barua itakayozuiwa kwa agizo lako, ila utaanza kuletewa ripoti za nani anatuma kwa jina lenu. Zisome kwa wiki chache kabla ya kupandisha hadi quarantine (iwekwe kwenye taka) au reject (ikataliwe). Anayeruka moja kwa moja hadi reject huzuia ankara zake mwenyewe.

Kuna jambo moja la DMARC linalowachanganya hata wazoefu. SPF inaweza kufaulu na DMARC ikaanguka. Huduma ya matangazo hutuma kwa bahasha yenye kikoa chake, na SPF ya kikoa hicho ni safi, lakini msomaji anaona jina lenu kwenye "From". DMARC inataka angalau kimoja kati ya SPF na DKIM kifaulu kwa kikoa kilekile anachokiona msomaji. Kwa huduma za namna hiyo tegemea DKIM: iwashe ndani ya huduma kwa kikoa chenu. Ni DKIM pia inayonusurika barua inaposukumwa kutoka sanduku moja hadi jingine, mahali ambapo SPF huvunjika.

Kupima, tuma barua kwa akaunti yako ya Gmail, ifungue, bonyeza vitone vitatu, chagua kuiona barua asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja na PASS au FAIL yake.

Hatua ya sita: orodha nyeusi

Kama mstari wa kukataliwa unataja Spamhaus, uliza ukigeuza anwani kinyumenyume:

dig +short 25.113.0.203.zen.spamhaus.org

Kimya maana yake haumo. 127.0.0.2 ni SBL, yaani umeonekana ukitoa barua taka. 127.0.0.4 ni XBL, dalili ya mashine iliyoambukizwa. 127.0.0.10 au 127.0.0.11 ni PBL niliyoitaja. Lakini 127.255.255.254 si hukumu: inasema umeuliza kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8, ambayo Spamhaus hawaijibu. Watu wameshalia kwa sababu ya namba hiyo bure.

Usiombe kuondolewa kabla hujaziba tundu. Utaondolewa asubuhi na kurudishwa jioni, na mara ya pili hawatakuharakia. Tundu la kawaida ni nenosiri la mfanyakazi mmoja lililoibwa. Angalia nani anatuma kuliko wengine:

grep -o 'sasl_username=[^, ]*' /var/log/mail.log | sort | uniq -c | sort -n | tail

Akaunti ya mapokezi yenye maelfu ya barua kwa usiku mmoja, wakati ofisi imefungwa, inajieleza. Badilisha nenosiri, futa sheria za kusukuma barua kwenda kwingine zilizoongezwa na mwizi, angalia foleni kwa mailq, na ufute zake pekee kwa postsuper -d ikifuatwa na namba ya kila barua. Usiandike postsuper -d ALL kwa hasira, kwa maana za wateja wako zimo humo.

Kisha omba kuondolewa kwenye tovuti ya Spamhaus yenyewe. Ni bure, na anayekudai pesa kwa M-Pesa ili "akusafishie IP" anakuuzia hewa.

Kama tovuti na barua zenu ziko kwenye seva ya pamoja, huenda mkosaji ni jirani msiyemfahamu. Hapo huna la kurekebisha. Mtumie mwenye seva mstari wa kukataliwa, na asipofanya kitu ndani ya siku moja au mbili, hamisha barua. Sioni sababu ya kubaki.

Kosa dogo linalofanana na kubwa

450 4.1.8 yenye maneno "Domain not found" maana yake seva ya mteja haikioni kikoa chako kwenye DNS. Angalia tarehe ya kuisha kabla ya jambo jingine lolote. Kama ni .co.ke, rejista ni KeNIC lakini malipo hufanywa kupitia msajili wako, na ukumbusho huenda ulitumwa kwa barua pepe ya kijana yule wa tovuti.

Hatua ya saba: ukiwa safi na bado unakataliwa

Rekodi zote ni PASS, haumo kwenye orodha yoyote, na bado kampuni moja inakurudishia. Sasa andikia postmaster@ wa kikoa chao. Kanuni za SMTP zinataka anwani hiyo ipokee. Tumia akaunti nyingine, kwa kuwa yako imezuiwa, na uandike mafupi: saa pamoja na ukanda wake, anwani yako ya IP, mtumaji, mpokeaji, na mstari wa kukataliwa bila kuubadilisha hata nukta. Nakili mistari hiyo tu. Logi nzima ina anwani za wateja wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na haraka. Kwa Gmail hakuna wa kuandikia namna hiyo, lakini kuna Postmaster Tools, ambako utaona asilimia ya wapokeaji wanaokubonyeza kuwa taka. Google wanataka isifike 0.3.

Kusukuma foleni

Ukibadilisha DNS, usijaribu papo hapo na kuvunjika moyo. Majibu ya zamani hukaa kwenye kumbukumbu za seva kwa muda uliowekwa kwenye TTL, mara nyingi saa nzima au zaidi. Uliza seva inayomiliki kikoa moja kwa moja:

dig +short TXT duka.example @ns1.mtoahuduma.example

Jibu likiwa jipya, subiri TTL iishe, tuma barua moja ya majaribio, isome logi hadi uone status=sent, ndipo usukume zilizosubiri:

postqueue -f

Zitakazotoka ni zile za namba 4 tu. Zilizorudishwa kwa namba 5 hazimo kwenye foleni tena, na hakuna amri ya kuzirudisha. Toa orodha ya watumaji kwenye logi na uwapigie mmoja mmoja wazitume upya, ukianza na mwenye zabuni inayofungwa leo.